Hp 184 kwa hp 184: petroli na dizeli, ipi inachanganya mapema?

Kanyagio: Wakuu, tuamueni hapa. BMW 320i na 320d za umbo la F30, zile za 2012. Zote lita 2, zote zina turbo, zote hp (nguvu za farasi) 184. Petroli ina toki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya Nm 270, dizeli 380. Rafiki yangu anasema dizeli inaiacha petroli mbali kwa sababu kinachosukuma gari ni toki. Mimi nakataa.

Mzee wa Turbo: Rafiki yako yuko sahihi. 380 toa 270 ni 110. Hesabu ya darasa la tatu hiyo.

Gia ya Tano: Inaelekea uliishia hilohilo la tatu. Toki haitoki kwenye injini ikaruka mpaka kwenye tairi, inapita kwenye gia. Dizeli mizunguko 4,000 kwa dakika tu hoi, pumzi imekata, ndiyo maana inapewa gia ndefu. Petroli inapanda hadi 6,000 na zaidi, gia zake fupi zinazidisha ile toki yake ndogo. Tairini hiyo 110 yako huioni. Dizeli ni mashine ya trekta, tuiache ivute jembe.

Mzee wa Turbo: Trekta?? Audi R10 ilibeba mbio za Le Mans 2006, dizeli tupu, silinda 12. Lete hiyo petroli yako.

Mama Klachi: Mzee, Le Mans ni saa 24, hapa tunagombania sekunde saba za kutoka 0 hadi km 100 kwa saa. Halafu kanuni ziliiruhusu dizeli lita 5.5, petroli yenye turbo ikabanwa kwenye 4.

Mzee wa Turbo: Kombe halina maelezo pembeni. Na huyo wa trekta bado hajaomba radhi.

Fundi Mkimya: Kanyagio, hp 184 ni kW 135. Ukiwa km 100 kwa saa na injini inatoa zote 135, msukumo ni nguvu gawa kwa mwendo, kama N 4,860 ukiacha kinachopotea njiani. Hesabu hiyo haiulizi umejaza mafuta gani. Kinachobaki ni uzito, mpangilio wa gia na tairi kushika. Ndiyo maana kutoka 0 hadi 100 zote zinacheza kwenye sekunde saba na ushee. Dizeli unaiona kali kwa sababu toki yote inakuja mapema, kuanzia mizunguko 1,750: mgongo unabandikwa kwenye kiti, ukijikusanya tayari inadai gia nyingine. Mgongo si saa. Pale inaposhinda kweli ni ukiwa gia ya juu, mwendo mdogo, na wewe mvivu wa kushusha.

Dada Usukani: Kwenye otomatiki hilo halipo, ukikanyaga inashusha yenyewe.

Gia ya Tano: Mwenye otomatiki haendeshi, amepakiwa.

Dada Usukani: Miaka tisa nipo kwenye usukani wa otomatiki. Naomba unitajie alikuwa ananipakia nani.

Gia ya Tano: Kompyuta, dada.

Mzee wa Turbo: Otomatiki ya gia 8 ya kampuni ya ZF inabadilisha kabla mkono wako haujafika kwenye gia. Hapa nipo na dada.

Gia ya Tano: Sijasema mkono una kasi, nimesema una raha.

Fundi Mkimya: Mada ni kasi.

Gia ya Tano: Mada ilikuwa trekta.

Mama Klachi: Wanaume wazima! Nimefundisha watu watatu gia ya mkono, wawili sasa wana otomatiki na hawataki hata kusikia neno klachi. Mnajua ni kwa nini? Foleni.

Dada Usukani: Mwambie, mama.

Gia ya Tano: Foleni haina 0 hadi 100, kwa hiyo haihusiki.

Kanyagio: Rafiki yangu amesoma yote. Kumbe 320d yake ni otomatiki, sasa anadai alikuwa anaongelea ile ya mkono. Tuachane naye. Mama Klachi, hebu niambie, klachi ya 320i ni ngumu?