Redio ya Golf inaandika SAFE baada ya kubadilisha betri: nianzie wapi?

Mkazi wa Nyali

Habari zenu wanajukwaa. Ninaendesha Volkswagen Golf ya mwaka 2007, kizazi cha tano, iliyoletwa Kenya kutoka Uingereza, nami niliinunua kwa mtu aliyekuwa ameshaitumia hapa nchini. Juzi betri ilikufa kabisa, fundi akaweka mpya, na tangu hapo redio, ambayo ni RCD 300, imekuwa ikiandika neno SAFE kwenye kioo chake bila kutoa sauti. Fundi alibahatisha namba mbili, vitufe vikaacha kuitikia, naye akahitimisha kwamba redio imeungua na kwamba afadhali ninunue nyingine ya skrini kubwa. Kadi yenye kodi, yaani namba ya siri ya kuifungulia redio, haimo kwenye kabrasha la gari. Je, ni kweli imeungua? Na kama haijaungua, nitaipata wapi kodi yake kwa njia halali?

Fundi Waya

Ndugu, redio iliyoungua haiwezi kukuandikia SAFE. Hiyo ni kinga dhidi ya wizi inayofanya kazi yake sawasawa: redio imekosa umeme, sasa inataka kuhakikisha kwamba haijachomolewa kwenye gari la mtu. Ukiikosea kodi mara mbili, hujifunga kwa muda wa saa moja hivi, na saa hiyo huhesabiwa redio ikiwa imewashwa na swichi ya gari ikiwa wazi, yaani ufunguo ukiwa umegeuzwa hadi umeme kuwaka. Hapo ndipo wengi hukwama, kwa sababu huzima gari, hulala, na asubuhi huikuta redio vilevile. Unganisha chaja kwenye betri kwanza, maana kuacha swichi wazi muda wote huo huila betri, kisha uache redio iwake bila kuigusa.

Kodi ina tarakimu nne. Kabla ya kutafuta popote, pekua kitabu cha maelezo ya redio, kwa kuwa kadi huwa imebandikwa ndani yake, na umpigie simu aliyekuuzia gari. Ikishindikana, utahitaji namba ya mfululizo ya redio yenyewe. Fremu ya plastiki inayoizunguka RCD 300 hubanduliwa taratibu kwa kitu kisichokwaruza, na nyuma yake kuna skrubu nne za kufunguliwa kwa bisibisi ya nyota yenye ncha sita (Torx) saizi T20. Ukiivuta redio utaona lebo yenye namba inayoanza na VWZ, jumla yake herufi na tarakimu 14. Ipige picha badala ya kuinakili kwa mkono, kwa sababu Z na 2 hufanana sana kwenye lebo iliyochakaa, na kosa moja tu litakupa kodi ya redio nyingine.

Namba hiyo, pamoja na hati ya umiliki na kitambulisho chako, ipeleke kwa wakala rasmi wa Volkswagen. Wapo pia watu mtandaoni wanaouza kodi kwa namba ya mfululizo pekee, na mara nyingi kodi zao ni sahihi, lakini mimi huwashauri wateja waanze kwa wakala. Tena usibandike hapa jukwaani picha inayoonyesha namba ya redio au namba ya chesi.

Bi Mwanaidi

Niongeze jambo ambalo Kaka Fundi hakuligusa. Kwenye Golf za kizazi cha tano, redio iliyotoka kiwandani na gari huwa imeshatambulishwa kwa gari lenyewe. Betri ikitolewa na kurudishwa, redio hulinganisha taarifa zake na zile zilizohifadhiwa kwenye gari, na zikilingana hufunguka yenyewe baada ya sekunde chache bila kuomba chochote. Kwa hiyo, kama swichi ilikuwa wazi na bado ikaomba kodi, ningeshuku kwamba redio hiyo ilitoka kwenye gari jingine na ikawekwa na mmoja wa waliokutangulia. Ndiyo maana hata kadi ikipatikana kwenye kabrasha, linganisha kwanza namba iliyoandikwa juu yake na ile ya kwenye lebo.

Dereva wa Fielder

Samahani kwa kuingilia kati, lakini wenye Toyota zilizotoka Japani wasifuate utaratibu huu. Zile zenye mashine ya ramani, kwa mfano NSZT-W62G, zikikatiwa umeme huandika maelezo kwa Kijapani na kudai kadi ya SD ya ramani iliyokuja nayo, au namba ya kufungulia inayokokotolewa kutokana na namba ya ERC inayoonekana kwenye kioo. Ndugu zangu, kadi hiyo msiichomoe mkaitumia kuwekea nyimbo. Nimeona magari mengi ambayo kadi ya ramani ilifutwa ili kupisha muziki, halafu betri ilipobadilishwa mashine nzima ikabaki kuwa pambo, ingawa hiyo ramani ya Japani huku kwetu haimsaidii mtu.

Mkazi wa Nyali

Ahsanteni sana. Bi Mwanaidi, ulilosema ndilo: aliyeniuzia amekiri kwamba redio ya awali iliharibika, akanunua hii iliyotumika. Kodi nimeipata kwa wakala, nikaweka kila tarakimu kwa kubonyeza vitufe vya 1 hadi 4, nikathibitisha kwa kushikilia kitufe cha mshale, na redio inalia. Yamebaki mawili: taa ya njano ya usukani inawaka, na vioo vya madirisha havipandi tena kwa mguso mmoja.

Fundi Waya

Hayo nayo yametokana na kukatika kwa umeme. Gari likiwa linanguruma, zungusha usukani hadi mwisho kushoto, kisha hadi mwisho kulia, halafu uendeshe mwendo mfupi. Taa hiyo kwa kawaida huzimika. Kwa kila dirisha, pandisha kioo hadi juu na uendelee kushikilia swichi yake kwa sekunde chache.

Siku nyingine mwambie fundi aunganishe kwanza chanzo kidogo cha volti 12 ili kumbukumbu za gari zisipotee, na wakati huo awe mwangalifu sana, kwa sababu waya wa chanya bado una umeme hata betri ikiwa imetolewa. Auvishe kitambaa kikavu au mpira usije ukagusa bodi. Kama hana kifaa hicho, basi swichi iwe imefungwa, aanze kufungua tamino ya hasi, yaani kichwa cha waya wa hasi kwenye betri, na aifunge hiyo mwisho.