Kumfundisha mtoto nyumbani hapa Mwanza: sheria inasemaje?

Mama wa Kirumba: Habari zenu, ndugu. Mimi na mume wangu tunafanya biashara ya dagaa kati ya Ukara na mwalo wa Kirumba, na mwanetu aliyetimiza miaka 7 husafiri nasi. Ninamfundisha mwenyewe, anasoma vizuri na hujumlisha kilo za magunia yanaposhushwa kwenye mizani. Je, naruhusiwa kuendelea hivi bila kumwandikisha shule?

Mwalimu, Nansio: Dada yangu, hongera kwa juhudi, lakini hapana. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 kinataka kila mtoto aliyefikisha miaka 7 na ambaye hajatimiza 13 aandikishwe shule ya msingi, na kinamwajibisha mzazi kuhakikisha kwamba anahudhuria mpaka amalize. Kumfundisha jioni baada ya shule hakuna anayekuzuia, na kwa kweli usiache.

Baba Wawili: Naongeza suala la mitihani, kwani ndiko wazazi wengi wanakokwama. Baraza la Mitihani hupokea watahiniwa wa kujitegemea wa kidato cha nne, na asiyepitia sekondari hutangulia kufanya mtihani wa maarifa. Lakini mtihani wa kumaliza elimu ya msingi mtoto huufanya akiwa mwanafunzi wa shule iliyosajiliwa. Mwone afisa elimu kata mapema.

Mama wa Kirumba: Asanteni sana. Shangazi yake anaishi Igoma, atakaa naye na kusomea huko. Cheti cha kuzaliwa tunacho.