Dada yangu ameachwa miaka sita: Biblia moja, majibu matatu

Binti_Dodoma: Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Dada yangu alifunga ndoa parokiani. Mumewe akaondoka, akaoa huko aliko. Sasa dada amepata mchumba. Paroko amesema hapana. Mchungaji mmoja amesema ruksa, mwingine amesema aolewe ila si madhabahuni. Naomba mnilinganishie hoja zao, msinihubirie.

Katekista: Tumsifu Yesu Kristo. Paroko amesimama kwenye Marko 10:11-12 na Luka 16:18, ambako hakuna neno "isipokuwa". Paulo naye, 1 Wakorintho 7:11, anasema mke aliyeachana na mumewe akae asiolewe, au apatane na mumewe. Kwetu Wakatoliki, ndoa ya wabatizwa wawili ikishakamilika kwa tendo la ndoa haivunjwi na mamlaka yoyote, ila kifo. Hata hivyo kuna mahakama ya Kanisa jimboni. Haivunji ndoa, inachunguza kama siku ile ya harusi kweli ndoa ilikuwepo: alilazimishwa? Alidanganywa katika jambo zito? Tangu mageuzi ya Papa Fransisko ya 2015 hukumu moja inatosha, zamani zilitakiwa mbili zinazokubaliana. Na tafadhali mwambie hili: kuachwa si dhambi yake. Maadamu hajaingia ndoa nyingine, anapokea komunyo kama waumini wengine.

Msomaji_Iringa: Mimi ni Mlutheri. Katekista, Mathayo 19:9 umeiruka, na ndiyo anayoishika mchungaji aliyesema ruksa. Mafarisayo walimuuliza Yesu kama ni halali kumwacha mke "kwa kila sababu". Hayo yalikuwa mabishano ya shule mbili za walimu wa Kiyahudi kuhusu Kumbukumbu la Torati 24:1, mstari wa talaka. Wafuasi wa Hileli waliruhusu talaka hata mke akiunguza chakula, wa Shamai waliruhusu kwa jambo la aibu tu. Yesu akajibu: "isipokuwa ni kwa sababu ya uasherati". Kiyunani ni *porneia*, neno pana kuliko *moicheia*, yaani uzinzi wa mwenye ndoa. Ndiyo maana wengine husema hapo zimekusudiwa ndoa haramu za ndugu wa damu. Mimi sioni sababu ya kulibana hivyo. Mume aliyeoa mwingine mkewe yu hai ameshaingia humo.

Halafu kuna 1 Wakorintho 7:15. Asiyeamini akiondoka, ndugu aliyebaki "hafungiki". Ukifika mstari wa 39, mwanamke "hufungwa" maadamu mumewe yu hai. Kwa Kiswahili ni "funga" ileile, tunadhani Paulo anajipinga. Kiyunani ni vitenzi viwili: wa 15 ni wa kutiwa utumwani, wa 39 ni wa kufungwa kwa kamba. Basi ubishi wote uko hapa: kutokuwa mtumwa ni kuwa huru kuolewa, au ni kuruhusiwa tu kutomfuata aliyeondoka?

Shemasi: Mwalimu, ule mstari ni wa asiyeamini. Huyu bwana amebatizwa.

Msomaji_Iringa: Ni kweli, na hapo ndipo hoja yangu ni dhaifu. Lakini Ungamo la Imani la Westminster la Wapresbiteri (1646) linataja utelekezaji wa makusudi usioponyeka, bila kusema aliyeondoka awe mpagani.

Shemasi: Sawa. Yule mchungaji aliyesema aolewe ila si madhabahuni yuko karibu na Waorthodoksi. Wanakubali ndoa ya pili kwa huruma, na ibada yake ina sala za toba. Ya tatu ni kwa shida, ya nne hakuna.

Karani_Mstaafu: Kabla ya madhabahu yoyote, jamani, kuna serikali. Kwa Sheria ya Ndoa ya 1971 dada bado ni mke wa mtu mpaka mahakama ivunje ndoa. Akiolewa leo, ndoa hiyo ni batili. Kwa kawaida huanzia bodi ya usuluhishi, lakini aliyetelekezwa na hajui mwenzake aliko anaweza kwenda mahakamani moja kwa moja. Aanze kutafuta cheti cha ndoa.

Binti_Dodoma: Asanteni sana. Nimemsomea yote. Ya mchumba hakuyagusa. Aliniomba nirudie maneno ya Katekista kuhusu komunyo, akalia. Miaka sita wenzake wakisimama kwenda kupokea, yeye hubaki kwenye benchi. Hakuna aliyemkataza, aliona haya tu. Kesho asubuhi tunakwenda wote kwa paroko kwa ajili ya hilo kwanza. Cheti kiko kwa mama, tutakipitia jioni.