Mrejesho: kutukanwa kwa uchambuzi wa manga

Ndugu zangu, asanteni sana. Niliomba ushauri nilipotukanwa mtandaoni kwa kutetea mwisho wa Attack on Titan, manga (hadithi ya katuni ya Kijapani) iliyoishia kwenye ile sura ya 139 ya Aprili 2021.

Kutaja sura kabla ya kutoa maoni kumesaidia mno. Nilionyesha kwamba sura ya 1 inaitwa “Kwako, miaka 2,000 baadaye”, na ya 122 “Kutoka kwako, miaka 2,000 iliyopita”, yaani majina yanajibizana. Waliokuwa wakibisha wakarudi kusoma, tukajadiliana vizuri!

Kuwajibu watukanaji kwa upole hakukufaa, walizidi tu. Hao nimewazuia, na usingizi umerudi. Aliyeshauri tukutane ana kwa ana, Mungu akubariki: sasa tunachambua pamoja hapa Ntinda, Kampala. Tumeanza upya sura ya 1.