Kongamano dogo la hadithi za kisayansi: msomaji kanionyesha kosa. Nitoe toleo jipya?

MwandishiHuru: Wakuu, salaam. Wikendi iliyopita nilipata meza kwenye kongamano dogo la wapenzi wa hadithi za kisayansi. Nilikwenda na nakala 40 za riwaya niliyoichapisha mwenyewe, nikauza 9.

Siku ya kwanza ziliondoka mbili tu. Siku ya pili akaja binti wa kama miaka kumi na sita, akafungua kitabu na kusoma amesimama. Sikumsemesha. Akafika pale msichana aliye Mirihi anapoongea kwa redio na mama yake mgonjwa huku Duniani, wanakatizana maneno, wanalia pamoja. Akaweka kidole kwenye mstari: "Hawa wanajibizanaje papo hapo?"

Nikakosa la kusema. Ishara ya redio husafiri kwa kasi ya mwanga. Kutoka Mirihi inachukua kama dakika 3 sayari zikikaribiana, na kama 22 zikiwa mbali kabisa. Ukiuliza "umekunywa dawa?", jibu linaweza kukufikia baada ya dakika 40 na ushee. Hayo nilikuwa nayajua, na bado yalinipita katika rasimu zote nne! Alinunua kitabu hata hivyo, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Nakala 31 zilizobaki niziuze hivyo hivyo?

Bi Msahihishaji: Pole, ila hongera pia, umepata msomaji wa kweli. Usiishie kubandika "baada ya dakika 20" katikati ya mazungumzo yale yale. Andika tukio upya. Kila mmoja atume ujumbe mrefu bila kujua mwenzake yuko katika hali gani, na majibu yaje kwa maswali ambayo muulizaji ameshaacha kuyawaza. Uchungu wa tukio hilo uko kwenye kusubiri. Kumbuka tu kwamba maandishi yakibadilika kiasi cha kuwa toleo jipya, yatahitaji ISBN yake, ile namba ya kutambulisha kitabu. Kurekebisha herufi mbili tatu hakuhitaji.

Mzee wa Meza: Hizo 31 usizitupe. Chapa karatasi ndogo ya masahihisho, ichomeke ndani, na umwambie mnunuzi waziwazi. Halafu mezani usikae, simama. Kitabu kimoja kisimamishe wima, pembeni weka kadi yenye sentensi moja ya kisa. Na waandikie waandaaji mapema wakuweke kwenye mjadala wowote, maana watu humfuata mezani yule waliyemsikia akiongea.

Sayari ya Nne: Tisa kwa meza ya mgeni si haba. Mimi mara ya kwanza niliuza tatu. Na udogo usikuvunje moyo: Worldcon (kongamano la dunia la hadithi za kisayansi) ya kwanza kabisa, New York mwaka 1939, ilikuwa na watu kama 200 tu.

MwandishiHuru: Asanteni sana, Bi Msahihishaji hasa. Jana nimekesha nalo. Sasa msichana anauliza kuhusu dawa, kisha anakwenda kumwagilia miche, anaosha vyombo, anarudi kukaa mbele ya kipaza sauti. Sauti ya mama inapofika, inajibu salamu ya asubuhi. Swali la dawa bado liko njiani.

Karatasi za masahihisho nazichapa kesho.