Sukari ya bi mkubwa na masaji ya nyayo: nibonyeze wapi, dakika ngapi?

Kijana wa Tandika: Wakuu, habari za jioni. Bi mkubwa ana miaka 61, kisukari mwaka wa tisa sasa, anameza metformini. Kuna fundi wa masaji ya nyayo Sinza anasema unyayoni kuna sehemu ya kongosho, ukiibonyeza kila siku sukari inashuka. Kwake ni elfu 30 kwa mara moja, mfuko hauruhusu. Nielekezeni nimfanyie mwenyewe nyumbani.

Kipimajoto: Kwenye ramani ya rifleksolojia, yaani hayo masaji ya nyayo, kongosho iko kwenye upinde wa mguu, nyuma ya ile nyama nene inayofuata vidole, na sehemu kubwa ni mguu wa kushoto. Dole gumba linatambaa kidogo kidogo kama kiwavi, hukandi kama unga wa chapati. Kikao kizima ni dakika 30 hadi 60. Ila jua unanunua nini: ramani hiyo ilienezwa na Mmarekani Eunice Ingham miaka ya 1930, na hakuna ushahidi wa kuaminika kwamba kubonyeza hapo kunaiamsha kongosho. Mgonjwa anatulia, pengine analala vizuri. Basi. Kuhusu sukari muulize HbA1c, kipimo cha damu kinachosoma wastani wa sukari wa miezi 2 hadi 3 iliyopita.

Muuza Kahawa: Elfu 30! Mafungu mangapi ya mchicha hayo? Aache wali wa usiku kwanza.

Dada Sindano: Mkuu, achana na kongosho kwanza. Miguu anaihisi? Afumbe macho, mguse kwa ncha ya kidole sekunde 1 au 2 bila kubonyeza: kidole gumba, cha kati na cha mwisho, miguu yote. Jumla mara 6. Akikosa 2 au zaidi, ganzi imeshaingia. Na ngozi ikoje?

Kijana wa Tandika: Amehisi 3. Lakini ganzi ndiyo hiyo fundi anaitibu. Ngozi iko sawa tu.

Dada Sindano: "Sawa tu" ndiyo nini? Geuza unyayo, taa iwake.

Kijana wa Tandika: Kuna lengelenge kisigino cha kushoto, kama sarafu ya mia mbili. Juzi fundi alianza kwa kumlowekea miguu maji ya moto na chumvi. Mama hakulalamika hata kidogo. Fundi anasema ni sumu inatoka. Jamani, ni mzoefu yule, na nimeshalipia vikao 10, laki tatu, cha pili ni kesho. Hata sindano ya usiku nimepunguza nusu kama alivyoshauri.

Mzee wa Baraza: Chai hii. Mwanzo vidonge, sasa sindano. Mwanzo mfuko hauruhusu, sasa laki tatu imeshatoka. Huyu ndiye fundi, anasaka wateja. Wasimamizi, fungeni uzi.

Muuza Kahawa: Vitumbua viko wapi?

Kipimajoto: Fundi gani anajitangaza kwa lengelenge? Metformini na insulini ya usiku pamoja ni kawaida kabisa. Kijana, usilipasue. Dawa ya meno, asali, majivu, hapana. Bandeji safi, kavu, isiyobana, asikanyagie kisigino, kliniki leo. Mguu wenye kidonda haubonyezwi. Mwekundu, wa moto, uliovimba pia haubonyezwi, hata kama hauumi. Mifupa inaweza kuwa inavunjika humo ndani kimya kimya. Maji ya kunawa pima kwa kiwiko chako wewe, na asiloweke.

Dada Sindano: Dozi irudi ileile aliyoandikiwa, na daktari aambiwe ilipunguzwa. Asubuhi sukari ilisoma ngapi?

Kijana wa Tandika: 17.8. Nikajua ndiyo sumu inatoka.

Mzee wa Baraza: Bado nasema chai. Ila mpeleke.

Kijana wa Tandika: Tuko kwenye bajaji. Fundi nimempigia, anasema hela hairudi, ila vikao 9 vilivyobaki naweza kumhamishia ndugu yeyote.