Mrejesho: Foleni za RabbitMQ zimehama na jumbe zake

Wakuu, niliuliza namna ya kuhamisha foleni za RabbitMQ (programu inayopokea jumbe za programu moja na kuzipanga foleni hadi nyingine izichukue) kutoka seva yetu ya zamani hapa Mbeya kwenda mpya, bila kupoteza jumbe za malipo ya wakulima wa parachichi wa Rungwe na Njombe. Kazi imekamilika. Nawashukuru sana.

Mlionitahadharisha kuhusu `rabbitmqctl export_definitions` mlisema kweli. Amri hiyo inatoa faili la JSON lenye foleni, watumiaji na ruhusa zao, lakini jumbe zenyewe hazimo. Ukirejesha kwa `import_definitions` unapata foleni zilezile, tupu. Kwa anayebeba taarifa za fedha za watu hilo si dogo, na maelezo mengi yanalipita haraka mno.

Jumbe zinakaa kwenye saraka ya data ya nodi, yaani RabbitMQ inayofanya kazi kwenye seva. Tulizima kwanza programu zinazotuma, tukasimamisha nodi, ndipo tukanakili saraka nzima. Ukinakili huku nodi inaandika, nakala inaweza kuwa mbovu. Kilichotusumbua zaidi ni jina la nodi: kwa kawaida linabeba jina la seva, hivyo seva mpya yenye jina lingine haikuiona data ya zamani. Tulipoipa jina lilelile, iliwaka na jumbe zake. Yaani zile za kudumu zilizo kwenye foleni za kudumu, maana nyingine hazivuki kuzimwa.

Toleo la RabbitMQ tumeliacha lilelile kwa sasa. Sasa najaribu Shovel, programu-jalizi ya RabbitMQ inayohamisha jumbe foleni kwa foleni seva zote zikiwa hewani. Aliyewahi kuitumia kwenye intaneti inayokatika, naomba uzoefu wake.